Jino la Kale: Likatwe au Lipigwe Eksirei?

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey aliona mfupa ukichomoza kwenye mteremko, na karibu yake meno mawili makubwa yaliyokuwa bado yamekaa kwenye taya. Lilikuwa fuvu la zamadamu aliyepewa jina la Zinjanthropus, ambaye leo wanasayansi wanamweka katika spishi ya Paranthropus boisei. Aliishi karibu miaka milioni 1.8 iliyopita. Eneo la kutafunia la magego ya jamaa huyu ni zaidi ya mara mbili ya letu, na enameli yake, lile tabaka gumu la nje la jino, ni nene kuliko ya zamadamu wengine tunaowafahamu.

Tunajuaje kuwa ni nene? Unene uko ndani, na jino zima halioneshi ndani yake. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa msumeno. Siku hizi jibu ni eksirei inayolisoma jino pande zote bila kulichana. Kwa mtu aliye nje, hapo ubishi umekwisha. Kwa wanaoyashika meno hayo mikononi, ubishi ndio kwanza unaanza, na una haki yake.

Hoja iliyo mezani ni hii: "Jino la zamadamu lisikatwe tena kwa ajili ya kupima unene wa enameli, eksirei yatosha." Nimezipanga sauti nne kuijadili. Kila moja naiita kwa kazi yake, kwa kuwa inabeba hoja za wengi wa fani hiyo: Mpimaji anayetumia eksirei, Mtunza makusanyo ya makumbusho, Mkemia anayesoma lishe ya kale, na Daktari wa meno. Mwenyekiti ni mimi, na uamuzi nitautoa mwishoni.

MPIMAJI: Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja. Nianze na jambo ambalo wengi hulipita: unene wa enameli haupimwi kwa kuweka rula mahali pamoja. Enameli ni nene kwenye vilele vya gego, kisha hukonda kadiri inavyoshuka. Kwa binadamu wa leo inaweza kukaribia milimita 2.5 kileleni, na kwenye shingo ya jino huishia kuwa utando tu. Ukipima nukta moja umeijua nukta hiyo, hujalijua jino. Ndiyo maana Lawrence Martin, katika kazi zake za mwaka 1983 na 1985, aliweka utaratibu tunaoufuata mpaka leo. Unachukua eneo lote la enameli linaloonekana kwenye mkato wa jino, unaligawa kwa urefu wa mstari ambapo enameli inakutana na dentini, tabaka lililo chini yake. Huo ndio wastani wa unene. Halafu, kwa kuwa wanyama hawalingani kwa ukubwa, unaugawa wastani huo kwa kipeuo cha pili cha eneo la dentini na kuzidisha kwa 100.

MWENYEKITI: Tupe mfano, wasomaji wafuatane nawe.

MPIMAJI: Tuseme mkato una enameli ya milimita mraba 24, na mstari wa makutano una milimita 20. Wastani wa unene ni milimita 1.2. Kama dentini ina milimita mraba 36, kipeuo chake ni 6, na unene linganifu unakuwa 20. Sasa chukua gego la mnyama mkubwa zaidi lenye wastani uleule wa milimita 1.2, ila dentini yake ina milimita mraba 64. Kipeuo ni 8, na unene linganifu unashuka hadi 15. Enameli ni ileile kwa rula, lakini kwa mwenye jino dogo ni koti zito na kwa mwenye jino kubwa ni la wastani. Hesabu hii yote, Mwenyekiti, inasimama juu ya mkato mmoja. Mkato ukienda upande, kila kilichofuata kimeharibika.

MWENYEKITI: Na mkato huo ulipatikanaje?

MPIMAJI: Kwa msumeno wenye makali ya almasi. Jino linazamishwa kwenye gundi inayoganda, linafungwa kwenye mashine, na msumeno unapita taratibu huku ukimwagiwa maji. Upana wa msumeno wenyewe unaliwa kutoka kwenye jino na kuwa vumbi. Tena lazima upite sawasawa kwenye ncha za vilele viwili na ncha za dentini zilizojificha chini yake, ambazo mkataji hazioni. Ukiinama kidogo tu, enameli itaonekana nene kuliko ilivyo, kama ganda la muwa uliokatwa mshazari. Na hapo huwezi kurudi nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

MTUNZA: Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ndiye ninayepokea barua za maombi, kwa hiyo naomba niseme mapema. Jino la zamadamu halina pacha. Ukikata gego la kwanza la chini la kulia, hilo ndilo lililokuwepo. La kushoto pengine halikupatikana kabisa. Watafiti wa zamani hawakuwa watu wabaya. Wengine walijitahidi sana kuepuka msumeno. Mwaka 1986 Alan Beynon na Bernard Wood walipochunguza enameli ya zamadamu wa Afrika Mashariki, walitumia meno yaliyokwisha vunjika yenyewe ardhini, wakasoma nyuso za mivunjiko. Hiyo ilikuwa busara. Lakini jino huvunjika linapotaka lenyewe. Mvunjiko haupiti kwenye kilele kwa sababu mtafiti anautaka upite hapo. Kwa hiyo naiunga mkono hoja, ingawa nina masharti nitakayoyataja baadaye.

MWENYEKITI: Mpimaji, tueleze eksirei inaionaje enameli ndani ya jino.

MPIMAJI: Mionzi ya eksirei hupungua inapopita kwenye kitu, na hupungua zaidi penye madini mengi. Enameli ni takriban asilimia 96 madini kwa uzito. Dentini ni karibu asilimia 70. Tofauti hiyo ndiyo nguzo ya kazi yetu: kwenye picha, enameli hung'aa na dentini hufifia. Picha moja bapa haitoshi, kwa sababu kila kilicho mbele na nyuma kinalaliana. Godfrey Hounsfield alitatua tatizo hilo kwa hospitali; mwaka 1971, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa skani ya CT, ambapo picha nyingi za pembe tofauti zinaunganishwa na kompyuta kuwa vipande vya ndani ya mwili. Mwaka 1982, London hiyohiyo, Jim Elliott na Stephen Dover walichapisha skani ya namna hiyo kwa kitu kidogo sana, ganda la konokono. Huo ndio mwanzo wa maikro-CT. Leo tunaliweka jino kwenye meza ndogo inayozunguka, tunapiga mamia au maelfu ya picha kwa saa moja au zaidi, na kompyuta inalijenga upya kwa vijitofali vinavyoitwa vokseli, kila kimoja kikiwa na upana wa mikromita kumi hadi hamsini hivi. Milimita moja ina mikromita 1,000. Humo kwenye kompyuta ninakata jino popote, nikikosea narudia, na mwenzangu wa Nairobi au Leipzig anaweza kukata upya ahakikishe kama nilipita kileleni.

Zaidi ya hapo, silazimishi tena jino lote liwakilishwe na kipande kimoja. Nachukua ujazo wa enameli yote, naugawa kwa eneo la uso wote inapokutana na dentini. Reiko Kono alionesha mwaka 2004, kwa magego ya binadamu na ya nyani wakubwa, kuwa enameli hupangwa tofauti kutoka upande hadi upande wa gego moja. Msumeno usingeweza kutupa picha hiyo hata ukikata mara kumi.

MKEMIA: Mheshimiwa Mwenyekiti, napinga hoja. Sipingi eksirei, napinga neno "yatosha". Nina sababu tatu, na nitaanza na mashine yenyewe. Mwenzangu anazungumza kana kwamba mpaka wa enameli umeandikwa kwenye picha. Haujaandikwa. Kuna vokseli iliyokaa nusu kwenye enameli, nusu kwenye hewa. Ina rangi gani? Ya katikati. Nani ameamua kuwa mpaka unapita hapo? Mtu mmoja, kwa kuchagua kiwango cha rangi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipotumia mashine za hospitali zenye vipande vya milimita nzima au zaidi, matokeo yalipotosha. Fred Grine alionya mwaka 1991. Mwaka 1993 Fred Spoor, Frans Zonneveld na Gabriele Macho walieleza kwa nini: kitu chembamba kikikaribia kikomo cha uwezo wa mashine, mashine hukinenepesha. Enameli ya sokwe ni nyembamba. Kwa hiyo kosa halikuwa sawa kwa wote. Lilimwongezea mwembamba zaidi kuliko mnene.

MPIMAJI: Kweli kabisa, na hao hao ndio waliotufundisha dawa yake: mpaka uwekwe nusu ya njia kati ya rangi ya kitu kimoja na rangi ya kingine, na kila upande uchukuliwe rangi yake palepale. Mashine nazo zimebadilika. Anthony Olejniczak na Grine walilinganisha mwaka 2006 vipimo vya maikro-CT na mikato halisi ya meno, na tofauti ilikuwa asilimia chache tu. Kwa kazi ya kutenganisha enameli nyembamba na nene, asilimia chache hazigeuzi jibu.

MKEMIA: Umesoma nusu ya kazi hiyo, mwenzangu. Nusu ya pili inahusu visukuku. Jino lililolala ardhini miaka milioni mbili si jino lililong'olewa jana. Maji ya ardhini yamepenyeza madini ndani ya dentini, na pengine dentini sasa ina uzito wa enameli. Nguzo yako ya asilimia 96 na 70 imeanguka. Kwenye skani unaona jino lote la rangi moja, na mpaka umetoweka. Ongeza na tatizo la miale: miale dhaifu humezwa mwanzo, yenye nguvu ndiyo hufika ndani, na kitu cha aina moja huonekana kana kwamba kina aina mbili, ukingo tofauti na kiini.

MPIMAJI: La miale tunalipunguza kwa kuweka bamba jembamba la shaba au alumini mbele ya chanzo, miale dhaifu ibaki hapo. La madini sikatai. Yapo meno ambayo maikro-CT ya maabara hushindwa kuyasoma. Mengine husomeka kwa sinkrotroni, kama ile ya Grenoble, Ufaransa, ambapo mwale ni mkali na wa nishati iliyochaguliwa, na unaweza kuonesha hata mistari ya ukuaji ndani ya enameli. Mwaka 2007 timu ya Tanya Smith na Paul Tafforeau ilisoma hivyo meno ya mtoto wa Jebel Irhoud, Morocco, ikakadiria kuwa alikufa akikaribia miaka minane, na kwamba meno yake yalikua kwa mwendo wa watoto wa leo. Zamani mistari hiyo ilionekana kwa kukata tu, na kulisugua jino likonde mpaka lipitishe mwanga.

MWENYEKITI: Mkemia, sababu ya pili.

MKEMIA: Ya pili ni kwamba unene wenyewe unasifiwa kupita uwezo wake. Katika miaka ya 1960 Elwyn Simons na David Pilbeam walimtangaza Ramapithecus, nyani wa kale, kuwa wa ukoo wetu, na enameli nene ilikuwa miongoni mwa hoja. Kenyapithecus wa Fort Ternan, Kenya, aliyetangazwa na Louis Leakey mwaka 1962, naye aliingizwa kwenye mkumbo huo. Kisha uso wa Sivapithecus, jamaa wa karibu wa Ramapithecus, ulipotoka Pakistan na Pilbeam kuuchapisha mwaka 1982, ulifanana na orangutanu wa Asia, na Ramapithecus akahamia huko. Enameli nene ilikuwa imezuka zaidi ya mara moja, kwa viumbe wa koo tofauti.

Mfano wa pili ni Zinjanthropus wetu. Kwa taya lile na enameli ile, aliitwa mvunja kokwa. Watu wakamchora anapasua njugu. Mwaka 2008 Peter Ungar na wenzake walitazama mikwaruzo kwenye nyuso za magego ya spishi hiyo kwa hadubini, hawakuona makovu ya vyakula vigumu. Mwaka huohuo Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao wa Tanzania na Marion Bamford walipima isotopu za kaboni kwenye enameli ya zamadamu hao wa Olduvai na Peninj: asilimia 77 na 81 ya lishe ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago wa kitropiki. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake wakapima meno ya zamadamu 22 wa spishi hiyo kutoka Kenya, wakapata jibu la aina hiyohiyo. Alikuwa mlaji wa nyasi, au mafunjo, kutwa kucha. Enameli nene ilimsaidia isilike upesi. Hayo yote yasingejulikana kwa skani. Yalijulikana kwa sababu mtu alichukua kekee akakwangua unga.

MTUNZA: Unga kiasi gani?

MKEMIA: Miligramu chache kwa jino, Bibi Mtunza, na kwa kawaida pale palipokwisha vunjika. Na protini ni vivyo hivyo. Mwaka 2025 timu iliyoongozwa na Palesa Madupe ilichapisha protini za enameli za Paranthropus robustus wa Swartkrans, Afrika Kusini, za karibu miaka milioni 2, ikatambua nani alikuwa dume na nani jike. Hiyo ndiyo sababu yangu ya tatu: enameli ni umbo na pia ni kemia. Anayesema isiguswe kabisa anafunga nusu ya kitabu.

MTUNZA: Hapo umenipa nafasi. Hoja iliyo mezani inazungumzia kupima unene tu. Haisemi usichukue unga kwa ajili ya isotopu. Inasema usinikatie jino kwa swali ambalo jibu lake linapatikana bila kukata. Kwa swali hilo, wewe unatetea msumeno?

MKEMIA: Kwa unene peke yake, jino likisomeka kwenye skani, sitetei. Likiwa halisomeki, nasema tujadili. Na nasema pia kekee yangu ikipita baada ya skani, basi hata umbo la pale nilipokwangua limehifadhiwa.

MWENYEKITI: Daktari wa meno umekuwa kimya.

DAKTARI: Nilikuwa nasikiliza, Mheshimiwa, kwa sababu meno ninayoyaona mimi yana mwenyewe aliyekaa kwenye kiti. Enameli haioti tena. Seli zinazoijenga hupotea jino linapochomoza kwenye ufizi. Kwa hiyo kila ninapochonga kuweka kifuniko cha jino, natamani nijue nimebakiza kiasi gani. Naomba nizuie tumaini moja: mashine ya Mpimaji haiwezi kuingia kliniki. Inataka jino lizunguke saa nzima na kupokea dozi ambayo siwezi kumpa mtu hai. Nina eksirei ya kuuma kipande cha filamu, nayo ni picha bapa. Inanionesha kuoza katikati ya meno, haiwezi kunipa unene wa enameli kwa kuaminika upande wa shavu.

Lakini kazi yake inanifaa kwa njia ya mzunguko. Magego ya akili tunayong'oa kila siku, mgonjwa akiridhia, yanaweza kuskaniwa kabla ya kutupwa. Yakiwa mengi, najua enameli hukondea wapi kwa kawaida, na chombo changu kiwe na hofu wapi. Na kuna jambo ambalo ningependa wapima unene walisikie. Huku kaskazini mwa Tanzania, maeneo ya Bonde la Ufa, maji yana floraidi nyingi, na watoto wanakua na meno yenye madoa ya kahawia. Enameli yao inaweza kuwa na unene wa kawaida kabisa, ila ndani ina vitundu na madini yamepungua, inamenyuka. Ukiniletea namba ya unene peke yake utasema jino ni zima. Skani hiyohiyo inaweza kupima wingi wa madini kwa kila vokseli, endapo umepiga pamoja nayo kipande cha madini yanayojulikana cha kulinganishia. Basi pigeni. Msiitumie mashine ya kuona yote kwa kusoma namba moja.

MWENYEKITI: Tuje kwenye swali zito. Tunasema kipimo hiki hakidhuru. Ni kweli?

MKEMIA: Si kweli kabisa, na naomba wanafunzi walishike hili. Enameli ni saa. Kwa maelfu na maelfu ya miaka mionzi ya asili kutoka udongoni hunasisha elektroni ndani ya madini yake, na njia ya kutafuta umri inayoitwa resonansi ya spini ya elektroni (ESR) huzihesabu. Ukipiga eksirei umeongeza elektroni zako. Umeisogeza mishale ya saa. Rainer Grün na wenzake walilionesha mwaka 2012: skani ya CT ya ubora wa juu inaweza kuharibu kipimo cha umri. Na kwa mabaki ya karibuni zaidi kuna DNA. Alexander Immel na wenzake walipendekeza mwaka 2016 dozi ibaki chini ya 200 Gray, kizio cha dozi ya mionzi, ingawa madhara waliyoyapima yalionekana kwa dozi kubwa zaidi, kuanzia 2,000.

MPIMAJI: Kwa jino la Olduvai DNA haipo tena, joto na muda vimeimaliza.

MKEMIA: Kwa la Olduvai, ndiyo. Kwa makaburi ya pwani je? Mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya watu wa zamani wa miji ya Waswahili, Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko, ikaonesha mchanganyiko wa damu ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi. Mabaki ya namna hiyo yakiskaniwa ovyo, bila kuandika dozi, mtafiti wa kesho hatajua kilichokosekana kilipotezwa na ardhi au na sisi.

MPIMAJI: Nakubali, na nakubali bila shingo upande. Dozi iandikwe. Kipande cha kutafutia umri kitolewe kabla ya skani, au kifunikwe. Nusu ya haya ni nidhamu tu. Lakini tuyaweke mizani: msumeno unaharibu kila kitu pale ulipopita, eksirei inagusa kipimo kimoja au viwili, na vyote viwili vinaweza kupangwa.

MTUNZA: Sasa masharti yangu. Mtafiti anakuja, anaskani, anaondoka. Jino limerudi kabatini zima, nami naambiwa hakuna kilichoondoka. Kimeondoka. Kila kinachoweza kusomwa ndani ya jino hilo kiko kwenye diski yake, gigabaiti nyingi, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi akitaka kuandika tasnifu juu ya jino lililo hatua chache kutoka darasani kwake, anaandika barua pepe ng'ambo kuomba. Mimi hilo naliita dhara. Nataka nakala kamili ya picha ghafi ibaki kwangu, pamoja na volti, mkondo, bamba, muda na ukubwa wa vokseli. Nataka kijana wetu mmoja akae kwenye kiti cha kompyuta siku hiyo, ajifunze kutenganisha enameli na dentini kwa mkono wake.

MPIMAJI: Kuna mifano ya uwazi. Zamadamu Homo naledi alipotangazwa Afrika Kusini mwaka 2015, mifano yake ya pande tatu iliwekwa mtandaoni bure. Visukuku vya Turkana, Kenya, navyo vina mifano ya uso inayofikiwa na kila mtu.

MTUNZA: Umbo la nje, ndiyo, nashukuru. La ndani bado huwa la waliobahatika. Sisemi tufiche, mficha uchi hazai. Nasema mwenye jino awe wa kwanza kulisoma, au angalau awe miongoni mwa wasomaji.

DAKTARI: Na mimi namwunga mkono. Mgonjwa wangu akipigwa eksirei, ana haki ya kuiona picha yake. Sioni kwa nini taifa lipewe haki ndogo kuliko mgonjwa.

MWENYEKITI: Natoa uamuzi.

Hoja imepita, kwa marekebisho. Jino la zamadamu lisikatwe kwa ajili ya kupima unene wa enameli pale eksirei inapoweza kuusoma mpaka wake, na leo inaweza kwa meno mengi. Pale isipoweza kwa sababu ya madini ya ardhini, lijaribiwe kwa mwale mkali zaidi, na likishindikana lisubiri. Limesubiri miaka milioni mbili. Linaweza kusubiri mashine ya miaka kumi ijayo. Gen Suwa na wenzake waliposoma meno ya zamadamu Ardipithecus wa Aramis, Ethiopia, mwaka 2009, walitumia maikro-CT kwa meno ya spishi iliyotangazwa mwaka 1994. Miaka 15 haikupotea bure. Walipata jibu la jino zima, na meno bado yapo.

Mkemia amenishawishi kuhusu neno "yatosha", na nimeliondoa. Unene hausemi mtu alikula nini. Zinjanthropus ametufundisha hilo kwa gharama ya picha nyingi za kupasua njugu. Unga wa miligramu chache uruhusiwe, kwa sababu iliyoandikwa, baada ya skani, mahali palipokwisha vunjika. Anayetaka umri achukue sehemu yake kabla ya mwale kupita. Mpangilio huo ndio kiini cha uamuzi wangu: vipimo hivi vyote vinaweza kuishi kwenye jino moja vikifuatana vizuri, na viwili vikigeuzwa nafasi, kimoja humwua mwenzake.

Kwa makumbusho yetu natoa wito. Fomu ya ombi la utafiti iwe na mistari mitatu zaidi: dozi itakayotolewa, mahali picha ghafi zitakapobaki, na jina la mwanafunzi wa hapa atakayefundishwa. Mtafiti asiyeweza kuijaza mistari hiyo bado hajawa tayari kulishika jino. Na wewe kijana unayesoma fizikia, kompyuta au udaktari wa meno, usidhani kazi hii ni ya wachimbaji peke yao. Magego ya Olduvai na Turkana yanahitaji watu wanaojua mionzi na hesabu, na hapa kwetu bado ni wachache. Nenda makumbusho, uliza, omba nafasi.